Namba Tatu

Saa kumi na moja alfajiri, Juni, Mufindi.
Baridi imelala juu ya majani ya chai kama chumvi,
nami nimejifunga blanketi kiunoni, jiko la mkaa miguuni,
nasoma namba.

Minara mitatu juu ya mgongo wa Nyalutanga.
Nguzo ya kipimo, kule kilima cha shule, inasema:
upepo mita tisa kwa sekunde.
Namba Moja anatoa kilowati mia sita na kumi.
Namba Mbili, mia sita na tano.
Namba Tatu, mia nne na themanini,
na taa yake ya kijani inawaka, kama mtoto
anayejibu "sijambo" huku ana homa.

Wiki ya tatu hii.
Kihwele, mkuu wangu, alisema ni gia.
Tukapanda vidato mia mbili na kumi,
mkanda wa usalama ukinikaba mapaja,
tukachota mafuta, tukayatazama juani:
safi, hayana hata chembe ya chuma.
Akasema ni beringi. Nikaweka sikio kwenye ganda
kama alivyonifundisha marehemu baba, fundi wa mashine ya unga,
aliyeweza kukwambia beringi itakufa Jumanne.
Nikasikia mlio mmoja, mnyoofu,
wa kitu kizima kilicho kazini.
Akasema ni vipimo. Tukabadili vipimo.
Basi ni uvivu, akasema, tukacheka,
tukaenda kumalizia ulanzi wa mwisho wa msimu.

Leo nimezipanga namba upya.
Si kwa siku, si kwa saa:
kwa upande unakotoka upepo.
Kaskazini, yuko sawa na wenzake.
Magharibi, sawa.
Kusini mashariki, hapo mstari unaanguka
kama mtu aliyekosea kidato gizani.
Mwaka jana uliinama kidogo.
Mwaka juzi, upana wa kidole.
Mwaka wa kwanza haukuinama kabisa.
Hakuna beringi inayougua kwa kufuata dira.

Nikatoka nje. Kulikuwa kunapambazuka.
Nikageukia kusini mashariki, nikakiona
kile nilichokuwa nakiona kila siku:
ekari nne za mipaini ya shangazi Semgovano.

Mimi ndiye niliyeipanda.
Kidato cha pili, likizo ya Desemba, mvua mgongoni,
mche kiganjani kama kifaranga,
yeye akipima nafasi kwa kamba yenye mafundo,
akisema: hii ni ada ya Tulizo,
na ikibaki, bati.
Haikunifika goti.
Sasa imelipita paa la kanisa,
na upepo unaingia humo mzima
unatoka vipande vipande,
Namba Tatu anaupokea hivyo hivyo, makombo,
wala hasemi.

Tulizo yuko kidato cha pili.
Moshi wa shangazi ulishaanza kupenya kwenye nyasi za paa.
Sikumwendea. Ningemwambia nini?
Kwamba miti yake imekua?

Fomu ya hitilafu ina visanduku vinne:
gia, jenereta, mapanga, vipimo.
Chini kabisa, "Mengineyo", na mstari mfupi
usiotosha hata jina la mtu.
Kihwele atafika saa mbili na pikipiki yake,
kabla hajavua kofia atauliza: umepata ugonjwa?

Naandika: Mashine nzima.
Nafuta, maana inasomeka kama mashine yote ndiyo mbovu.
Naandika: Mashine ni nzima.
Naandika: Miti, miaka kumi na miwili.
Kuvunwa, bado sita.
Wino unaganda. Naipulizia kalamu pumzi,
na nje Namba Tatu anageuza shingo polepole,
anauelekea upepo uleule,
anazunguka.